Mashine Inatafakari

Watu walimwita Sabuni, kwa sababu kumshika ilikuwa kazi, na hata ukimshika aliteleza akakuachia harufu nzuri mkononi. Asubuhi moja, akiwa kwenye foleni ya kulipia maji, alimsikia mwenye chuo cha biashara akilalamika kwenye simu. Alikuwa na masomo arobaini yaliyopigwa chapa kavukavu, maandishi matupu, na wanafunzi wa mbali walitaka kuyasoma mtandaoni. Makarani wake watatu walitumia wiki nzima kugeuza somo moja kuwa ukurasa wa HTML, yaani kulipachika zile alama zinazoiambia kompyuta hiki ni kichwa, hii ni orodha, hili ni jedwali.

"Ningepata mashine ya kuyageuza," alisema, "hawa watatu ningewafukuza leo kabla ya chai."

Sabuni alitoka kwenye foleni. Maji yangeweza kusubiri.

"Samahani, mkuu," alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Mashine hiyo ninayo."

Hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni vyumba viwili vya kupanga, na shemeji yake, mjane wa kaka yake, aliyempigia chapa mwanasheria miaka kumi na minane na kusoma kompyuta darasa la jioni. Mpango ulikuwa rahisi. Chumba cha mbele aliweka kompyuta, akaifunika kitambaa cheupe kama bibi harusi. Waya ukapita kwenye tundu la ukuta hadi chumba cha nyuma, ambako shemeji alikaa juu ya kreti la soda, mbele ya kompyuta ya pili. Mteja angeingiza hati mbele; nyuma shemeji angeigeuza kwa mkono, alama kwa alama, na kuirudisha.

"Na mimi nitapata nini?" aliuliza shemeji.

"Kiti. Chenye mgongo."

"Umesema hivyo tangu mwaka juzi."

"Shemeji, kiti kizuri hakitafutwi kwa pupa."

Mwenye chuo alikuja na ukurasa wa kwanza wa somo lake la utunzaji wa ghala. Sabuni alibonyeza kitufe, akakohoa mara mbili, ambayo ndiyo ilikuwa ishara.

"Mbona haitoi kitu?"

"Inatafakari, mkuu. Mashine za bei rahisi ndizo zinazokurupuka."

Kwa dakika kumi na moja alimvika mgeni wake kilemba cha ukoka: sura yake ya kisomi, viatu vyake, hata mwandiko wake. Ndipo ukurasa ukatokea, na mwenye chuo akashika kifua.

Lakini mtu akishapata kizuri hutaka kizuri chake mwenyewe. Kesho yake alitaka vichwa viwe rangi ya damu ya mzee. Keshokutwa alitaka sehemu zote ziwe na namba, halafu yaliyomo yajipange upande wa kushoto.

"Inaweza kubadilika kila mtu apendavyo?"

"Mkuu, inatii kuliko kuruta." Na Sabuni akakohoa.

Nyuma ya ukuta, mgongo wa shemeji uliwaka moto, na mgongo ukiuma akili huamka. Aligundua kwamba kila siku anafanya yaleyale: mstari wenye nyota mbele unakuwa kipengele cha orodha, mstari uliopigiwa vistari chini unakuwa kichwa. Basi akaziandika kanuni hizo mara moja, ziwe programu, kompyuta ifanye yenyewe. Rangi, namba na mpangilio akaviweka kwenye faili dogo la pembeni, ili kila mteja awe na lake bila kuigusa programu. Jumanne akaiweka kwenye kompyuta ya mbele.

"Shemeji, mashine ipo," alisema.

"Ipo wapi?"

"Kwenye kompyuta yako. Waya hauna kazi tena."

Sabuni alicheka mpaka akashika ukuta. "Uongo huu nimeuzaa mimi, nikaulea mimi. Usije ukaanza kuuamini wewe!"

"Ijaribu basi."

"Mpika sumu haonji."

Jumatano mwenye chuo alitangaza kwamba anaichukua kompyuta chuoni. Angelipa kianzio hapohapo, na kilichobaki siku itakapoyageuza masomo yote arobaini. Sabuni aliutazama ule waya, ambao usingefika hata barabarani. Lakini kianzio ni kianzio. Aliandika mkataba kwa mkono wake mwenyewe, na mwishoni, kwa herufi ndogo kama sisimizi, akaongeza: *Muuzaji si mtengenezaji. Mtengenezaji ni mpiga chapa wa chumba cha nyuma. Kwa lolote litakalotokea, atafutwe yeye.* Akatia sahihi, na kabla ya saa sita alikuwa njiani kuelekea mji mwingine. Mtu wa kumtwika mjane wa kaka yake kesi ya namna hiyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Chuoni, mwenye chuo alibonyeza kitufe mbele ya makarani. Masomo arobaini yakatoka, vichwa damu ya mzee, kabla karani wa tatu hajamaliza kupiga chafya. Mwenye chuo akaingiwa na hofu.

"Imeharibika! Mbona haitafakari?"

Akausoma mkataba hadi kwa sisimizi, kisha akaenda mbio chumba cha nyuma.

"Mama, mashine haitafakari!"

"Iliacha tangu Jumanne," alijibu shemeji juu ya kreti lake. "Keti nikueleze. Ila hao makarani usiwafukuze. Nani atakayeandika yale mafaili ya pembeni, ya rangi na mpangilio?"

Siku ya nne, dhamiri ya Sabuni ilimwasha kidogo, akapiga simu.

"Shemeji, wamekuweka wapi?"

"Kwenye kiti."

"Cha mshtakiwa?"

"Chenye mgongo. Kinazunguka. Sikiliza." Akakizungusha. Masikioni mwa Sabuni kililia kama lango la chuma. "Mashine inafanya kazi, shemeji. Kilichobaki chako kiko kwa mhasibu wa chuo, njoo ukichukue."

"Kuna mtu pembeni yako?"

Mwenye chuo aliipokea simu kwa furaha. "Ndugu yangu! Njoo tu, usiogope chochote, tunakusubiri wote!"

Sentensi hiyo Sabuni aliifahamu neno kwa neno. Alikuwa ameitumia mwenyewe miaka thelathini. Akakata simu, akatupa laini yake mtaroni, akahamia mji wa mbali zaidi.

Bahasha yake bado iko kwenye kabati la mhasibu. Shemeji huifuta vumbi kila Jumanne, bila kuinuka: husukuma sakafu kwa mguu, kiti kikampeleka.