Mheshimiwa Kwenye Tangi la Karani

Jumanne, 4 Machi

Nimeudhika. Shemeji, kaka wa mke wangu, alipita jioni kuangalia tangi langu la matumbawe. Hakukaa. Aliinama, akachungulia, akauliza kwa upole kama bado nina samaki mmoja tu. Upole huo ndio unaoniua! Tangi lake limejaa samaki wa kila rangi, na kila anayeingia kwake husahau hata kusalimia.

Ni kweli ninaye mmoja. Lakini ni Karani! Mdogo, wa rangi ya chungwa, ana mistari myeupe, na hushinda akienda na kurudi mbele ya pango lake kama anayetafuta faili lililopotea. Nikirudi kutoka kusoma mita za maji za watu, nimechomwa na jua na kufukuzwa na mbwa, mke wangu ananiambia nifute miguu, na binti yangu hainui macho kwenye simu. Karani anakuja mbio mpaka kwenye kioo. Anakula mkononi mwangu. Katika nyumba hii ni yeye pekee anayefurahi kuniona, na naandika hivyo bila haya.

Jumapili ukoo wa mke wangu unakula kwetu. Baba mkwe anakuja. Tangu nioe hajawahi kusifu kitu changu hata kimoja. Nahitaji samaki wa pili, wa kuwafunga midomo.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata! Nusu zambarau, nusu njano, hazidi kidole changu cha mwisho. Wenzake pale dukani wamesongamana kwenye tangi moja. Yeye amepewa chumba chake peke yake, kama mgonjwa wa daraja la kwanza. Nikajua papo hapo kwamba huyu ni wa ukoo bora. Nimemwita Mheshimiwa.

Muuza samaki alianza kueleza kwa nini anakaa peke yake. Nikamwambia macho ninayo. Akauliza nina samaki gani nyumbani. Nikasema mmoja, mpole sana. Alinitazama kidogo, kisha akafunga mfuko.

Shemeji, kwenye simu, anasema mgeni akae kwanza kwenye tangi la pembeni wiki kadhaa, ijulikane kama ana ugonjwa au hasira. Wiki kadhaa! Jumapili hainingoji. Na hasira gani itoshe ndani ya kiumbe cha ukubwa wa kidole?

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemzoesha maji. Kazi hii naijua. Kwanza mfuko unaelea tangini mpaka joto lilingane. Kisha unamhamishia mgeni kwenye ndoo, na mpira mwembamba unamdondoshea maji ya tangi, tone kwa tone, mwili wake uizoee chumvi ya hapo. Haitakiwi haraka. Nikaufungua mpira wote. Simu ikaita: msimamizi wangu, anadai nyumba moja nimeisomea mita ya jirani. Nikabishana naye uani, na nilikuwa nashinda.

Niliporudi zulia limelowa chapachapa. Ndoo imefurika, tangi limebaki nusu, matumbawe ya juu yako nje yamenywea. Mgeni hayupo! Nilitambaa sebule nzima. Nikamkuta ndani ya kiatu cha mke wangu, kile cha kutokea. Kilikuwa kimejaa maji, naye anazunguka humo na kutoa macho kama mwenye nyumba. Nikaingiza kidole. Akaniuma! Nikasema moyoni, huyu ni ngangari, nimechagua vizuri.

Maji ya chumvi ya akiba yalitosha kujaza tangi. Mke wangu hakusema neno. Alikaa na kile kiatu mkononi akikitazama. Afadhali angesema.

Ijumaa, 7 Machi

Kabla ya kumtia Mheshimiwa tangini jana niliupangua mwamba wote na kuupanga upya. Hiyo ni mbinu inayojulikana. Mwenyeji akikuta nyumba imegeuzwa hajui tena kwake ni wapi, basi hana la kumfukuzia mgeni.

Imefanya kazi kupita kiasi. Karani alizunguka asubuhi yote akitafuta pango lake. Mheshimiwa hakutafuta chochote. Aliingia kwenye pango lililo bora kuliko yote, akatoka, akamvaa mwenzake. Sasa Karani amejibanza kona ya juu, nyuma ya kile kifaa cha kupasha maji joto, pezi moja limechanika. Nilimpelekea chakula kwa mkono wangu. Alikuja nusu ya njia, akamwona yule, akarudi.

Nimekosa hamu ya kula. Nilibandika kioo cha kujitazamia cha mke wangu nje ya tangi, ili Mheshimiwa apigane na sura yake mwenyewe. Alijitazama kwa muda mrefu. Nadhani alijipenda. Kisha akamrudia Karani.

Jumamosi, 8 Machi

Mheshimiwa kwa wavu hakamatiki. Nikiingiza mkono tu anapotelea kwenye mawe. Nikabuni mtego: chupa ya plastiki, nikakata shingo, nikaigeuza ndani, nikatia kipande cha kamba aliyemenywa. Nikarudi nyuma na kusubiri roho juu.

Akanasa! Karani. Nikamtoa, nikatega upya. Karani tena. Anaujua mkono wangu. Kila ninachoweka majini anaamini nimemletea yeye.

Mwishowe nilimwacha humo humo, angalau chupani hafikiwi. Nilikaa sakafuni karibu naye mpaka mke wangu akauliza kama nina mpango wowote wa kusaidia kupanga viti.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Nilimwamkia baba mkwe, akaitikia, akaenda moja kwa moja mbele ya tangi. Ukoo mzima ukasimama nyuma yake. Mheshimiwa, niliyemleta kwa ajili ya saa hiyo, hakutoa hata pua! Kilichoonekana ni rundo la mawe, matumbawe yaliyonywea, na samaki mwenye pezi bovu ndani ya chupa. Baba mkwe akauliza, kwa heshima zote, kama siku hizi samaki nao wanafungwa. Wakacheka mpaka jikoni. Nikacheka nao. Sijui kwa nini.

Shemeji hakucheka. Afadhali angecheka. Alininong'oneza: “Shemeji, huyu hafiki Jumanne. Nipe nikamuuguze.”

Nilitaka kukataa. Nikamtazama Karani. Nikaenda kuleta ndoo mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa shemeji kumjulia hali mgonjwa. Pezi linaota. Ana pango jipya, anapita mbele yake huku na huku, kazi imeanza. Nikasogeza uso kwenye kioo. Akaja mbio! Nilifurahi, nikainua mkono kumpokea.

Akanipita. Shemeji alikuwa pembeni yangu, mkono majini, chakula kwenye vidole.

Nilifuta macho, nikasema nimeshikwa na mafua. Shemeji anasema nimchukue siku yoyote, yule mwingine akishatolewa. Mke wangu, nyumbani, aliniambia bila ukali, “Mwache hukohuko, mume wangu. Amepata raha.” Ingekuwa heri kwa ukali.

Sasa nikirudi kazini nafuta miguu, nasimama mbele ya tangi. Mheshimiwa ananitazama kutoka pangoni. Hakuna anayekuja.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nilikwenda dukani kwa nia moja tu: kuazima mtego wa maana, nimtoe Mheshimiwa, Karani arudi. Muuza samaki akakubali, hata hakunicheka. Akaingia stoo kuutafuta.

Ndipo nilipomwona. Mweusi ti, mkubwa kama kiganja! Yuko chumbani kwake peke yake, na juu ya kifuniko wameweka tofali. Tofali! Palepale nikaelewa kosa langu lilikuwa wapi. Tangi langu halina mkubwa. Huyu akiingia tu, Mheshimiwa atashika adabu, na Karani atakaa kwake kwa amani, chini ya ulinzi.

Muuza samaki alirudi na mtego, akaanza kunieleza habari ya tofali. Nikamwambia asijisumbue, samaki wa namna hiyo nina uzoefu nao. Mtego nimeusahau dukani.

Mfuko unaelea tangini wakati naandika. Nimempigia shemeji amwandae Karani. Kesho anarudi nyumbani!