Haragwe la Daktari wa Meno

Jumatatu, tarehe 3. Nimepoteza oda ya daktari wa meno, leo saa nne asubuhi. Benchi zote za chumba chake cha kungojea! Miaka kumi na miwili ananunua kwangu, leo anasema samani zangu zina kona kama masanduku. Eti siku hizi watu wanataka vitu vilivyopinda, vichache, visivyo na mapambo. Kamwita shemeji, kaka wa mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika randa. Nimeng'ang'ania. Kakubali: Ijumaa kila mmoja alete sampuli.

Jumanne, tarehe 4. Nimekwenda karakana ya shemeji kumjulia hali. (Hali yake hainihusu.) Ana kochi lililopinda kama haragwe. Nikalipima kwa shibiri, kijanja, huku nikimsifu. Akanipa futikamba, akasema nisichoshe vidole, shemeji. Nimekataa. Mtu ana heshima zake.

Jumatano, tarehe 5. Plaiwudi nimeilowesha, imekubali kupinda. Ncha mbili zimejikunja, katikati pamenyooka. Nimeondoa egemeo, mikono na miguu. Mama watoto kauliza hiki ni kiti au ni sakafu. Nikamweleza kuwa uchache ndio mtindo. Chakula cha mchana: kijiko kimoja cha wali katikati ya sinia. Anasema ni mtindo.

Alhamisi, tarehe 6. Balaa! Haragwe langu halipiti mlango wa karakana. Nimelisimamisha, nimelilaza, nimelitukana. Shemeji kapita, akashauri tubomoe ukuta, maana nao una kona. Bure kabisa, mtu huyu! Nimelikata vipande vitatu. Nitasema ndivyo lilivyobuniwa.

Ijumaa, tarehe 7. Kochi la shemeji limekataliwa. Linakula nusu ya chumba. Langu: daktari kazisukuma ncha kando, kakalia kipande cha kati, kilichonyooka kama rula. Akasema ni hiki hiki, kiwekewe miguu, kona zipigwe msasa, basi. Anataka sita, Jumatatu. Nimeshinda! Shemeji kanipa mkono, akasema kweli Mungu hamtupi mja wake.

Jumamosi, tarehe 8. Nimefikiri sana. Kilichomvuta daktari ni zile ncha. Hajui tu. Mteja hajui anachotaka mpaka fundi amwonyeshe. Nitapinda zote sita, miguu hapana. Mama watoto kasema mtu kaomba maji, mimi namkorogea uji. Wivu wa ukoo wao huo.

Jumatatu, tarehe 10. Zimefika! Nilizitengenezea uani, mimi si mjinga. Daktari kachungulia dirishani, kafunga mlango. Haragwe sita barazani, wagonjwa wamesimama, wameshika mashavu. Bibi mmoja kajaribu kukaa. Imebidi tumnyanyue watu wawili. Kisha nani kaingia kwa mlango wa nyuma? Shemeji, na futikamba yake.

Nimemtuma karani wa daktari amwambie bosi wake sitaki maelezo. Anazichukua, ndiyo au siyo? Nangoja hapa barazani, jibu nilipate kabla ya saa tisa. Akisema siyo, nazipinda zaidi.