Muhuri wa Saa Nne na Saa Kumi

Kwa Mheshimiwa Msimamizi Mkuu,
Duka la Programu za Simu.

YAH: MLIVYOIFUTA PROGRAMU YA UKOO WETU BILA HATA KUPIGA HODI

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi huku miili ni mizima, mioyo ndiyo inayofukuta. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu fomu yenu ya malalamiko ilinitaka nithibitishe kwamba mimi si mashine, kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani, na nimefeli mara tano.

Mimi ni mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkuu wa chumba cha kuchambulia barua posta, na hakuna bahasha iliyopita mezani kwangu bila muhuri. Mkwe wangu, fundi simu, alitutengenezea programu ndogo ya ukoo, watu ishirini na saba, tupeane habari na picha. Nikateuliwa msimamizi. (Nilijiteua, lakini hakuna aliyepinga kwa sauti.) Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila ujumbe ulikuja kwangu kwanza, nikaunakili kwenye daftari, nikaugonga muhuri wa IMEKAGULIWA, kisha nikauachia. Kuachia ni mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Jumapili tunafunga.

Mwezi uliopita mkaifuta. Sababu mliyoandika ni kwamba programu "inazuia mawasiliano ya watumiaji wake", na kwamba mmepokea malalamiko kumi na moja. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaomba maji ya kunywa. Malalamiko yangu mimi ni haya:

1. Nani aliwapa ruhusa ya kukaa katikati ya mtu na ndugu zake? Mtu anaandika neno lake kwa nia njema, halafu kuna mwingine amekaa kwenye kiti huko, anaamua lipite au lisipite. Hiyo ni dhuluma. Nimelitafutia neno laini zaidi nikalikosa.

2. Mnasema nazuia. Sikuzuia, nilichelewesha. Hayo ni mambo mawili, muulizeni mtu yeyote wa posta. Mpwa wangu alitangaza kwamba mkewe amejifungua Jumamosi jioni, saa kumi na dakika ishirini, yaani baada ya kufunga. Ujumbe ulitoka Jumatatu saa nne, safi kabisa. Mtoto alikuwa bado yupo.

3. Mjukuu wangu wa miaka saba, binti wa huyo fundi simu, alileta picha ya pengo lake baada ya jino la mbele kung'oka. Picha haikuwa na maelezo ya mtumaji, na mdomo ulikuwa wazi kuliko inavyofaa mbele ya wakwe. Nikaiweka pembeni isubiri marekebisho. Nakiri ilisubiri sana. Nilipoiachia, jino jipya lilikuwa limeshaota. Tangu siku hiyo hajaniandikia tena, na wa kulaumiwa ni ninyi, maana mngetuachia programu yetu ningekuwa nimeshamwomba radhi. Radhi yenyewe nilishaiandika. Ilikuwa kwenye foleni.

4. (Hoja hii imeondolewa. Inamhusu mama yangu mzazi na haiwahusu wageni. — Mke wa mwandishi.)

5. Mlipotufuta, mkwe wangu akasema, "Baba, maji yakimwagika hayazoleki. Twende kusiko na mwenye duka." Ndio huo mtandao usio na mwenyewe. Kila nyumba ina kisanduku chake, ukubwa wa mkate, ujumbe unapita kutoka kisanduku hadi kisanduku, na kila nyumba inaamua yenyewe nani aingie na nani abaki nje. Hakuna mkubwa wa kumfuta mwenzake. Changu kiko juu ya friji. Kwa furaha ya uhuru huo niliandika kanuni, kurasa sita tu, nikazituma kwa nyumba zote nane za ukoo. Kufikia jioni nyumba saba zilikuwa zimenifungia mlango. Ya nane ni yangu. Sasa mimi ndiye mwenyekiti, katibu na mwanachama, na mikutano haichukui muda.

6. Hapa, Mheshimiwa, naweka ukali kando. Kisanduku kina taa ya kijani inayopepesa ujumbe ukiingia. Ina wiki tatu haijapepesa. Saa nne naketi jikoni na daftari na muhuri, wino nimeongeza. Saa kumi vilevile. Mke wangu anatoa maziwa, anafunga friji. Yeye jioni huenda kwa binti yetu, na anasema mjukuu siku hizi anasoma hadithi kwa sauti na ukoo mzima unamsikiliza, mpaka shemeji yangu ambaye masikio yake ni ya shida. Mimi tu sijamsikia. Inaniuma.

7. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, irudisheni programu yetu. Pili, ufuteni huo mtandao usio na mwenyewe. Nimeambiwa hamwezi kwa kuwa haumo dukani kwenu. Basi uingizeni kwanza, halafu muufute. Tatu, niajirini. Duka lenye programu nyingi kiasi hicho linahitaji mtu wa saa nne na saa kumi. Vifaa sitawasumbua, muhuri ninao.

Nisalimie wakaguzi wote wa hapo, wa zamu ya asubuhi na wa jioni, pamoja na watoto wao. Yule wa taa za barabarani mwambie sina kinyongo naye.

Wako katika ukaguzi,
Mkuu Mstaafu, Chumba cha Kuchambulia Barua.

N.B. Barua hii imechelewa siku tisa. Mke wangu alisema haitoki humu ndani kabla hajaikagua, akaifungia kwenye kabati la vyombo. Nilipomuuliza kwa nini anakaa katikati ya mtu na barua yake, alinitazama tu, mpaka nikaikumbuka hoja yangu ya kwanza. Ndipo akaniambia na lingine: yale malalamiko kumi na moja aliyaandika yeye, yote, hapo hapo jikoni, mimi nikigonga muhuri.

Nikaitoa ile radhi kwenye foleni bila kuigonga chochote, mke wangu akampelekea mjukuu kwa mkono. Jioni hiyo taa ikapepesa. "Babu, nimekufungulia. Ila muhuri nakaa nao mimi." Nimeupeleka mwenyewe, na kidau cha wino. Sasa ujumbe wangu anaukagua yeye, mara mbili kwa siku, na Jumapili anafunga. Kwa hiyo programu ile msiirudishe, Mheshimiwa, na mtu akija kuiombea kwa jina langu, mfukuzeni.

Leo nimemwandikia saa nne na dakika tano. Nimechelewa mwenyewe. Nasubiri saa kumi.