Uwanja kwa Jina la Shemeji

Jumatatu, 2 Desemba

Kefa mwenye fuso amekuja asubuhi kudai tena. Ameibeba timu yetu, Mwangaza FC, mara tisa, mpaka Singida mjini, na hajalipwa hata pesa ya mafuta. Amesema hii ni timu ya wahuni. Halafu akasimama kuuangalia uwanja wetu, toka goli hadi goli, mikono nyuma. Muda mrefu. Mtu haangalii uwanja hivyo bure. Anautaka.

Mimi ndiye katibu. Raymond ni mweka hazina na mwandiko wake unasifiwa Kinampanda nzima, lakini akili ya klabu ninayo mimi. Mchana redio ikanipa dawa. Mchambuzi alieleza kwamba huko Ulaya zipo timu ambazo klabu ni kitu kimoja na uwanja ni kitu kingine. Klabu ikifilisika, mdai anakuta jezi tu. Uwanja una mwenyewe, ametulia kwake, anapokea kodi. Nikaacha kuchambua mbegu. Kumbe uwanja unaweza kulipiwa kodi, na sisi miaka yote tunaukanyaga tu!

Sisi uwanja tulipewa na Mzee Hezekia, zamani, kwa mdomo. Alitembea na viongozi wa wakati huo, akawaonyesha minyaa ya mpakani, akasema vijana wachezee hapa. Basi, yakaisha. Hakuna karatasi hata moja. Huu ni uzembe mkubwa na nadhani Mungu ameniweka mimi niuondoe.

Jumatano, 4 Desemba

Mkutano wa wanachama. Nimewaeleza kuhusu Kefa na mikono yake ya nyuma. Wakaogopa vizuri. Nikawaambia uwanja uandikwe jina la mtu mwingine, asiye mwanachama, ili mdai akija atukute hatuna kitu. Nikampendekeza shemeji yangu Urbano, kaka yake Editha mke wangu. Hanywi, hadaiwi na mtu, hana maneno. Raymond akauliza kwa nini asiwe mmoja wetu. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo maana ya kutenganisha. Mwandiko anao, hoja hana.

Sikuwaambia kwamba mimi na Urbano tulishakubaliana tangu jana: kodi ya elfu thelathini kila mechi ya nyumbani, nusu yake, nusu yangu. Si wizi. Ni ada ya ushauri.

Karatasi nimeiandika mwenyewe. Kurasa mbili. Pale mwisho nimeweka kwamba Urbano atakuwa mmiliki halali na atautumia uwanja apendavyo bila kuingiliwa na klabu, wanachama wala warithi wao. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu kwa sauti. Tamu. Mtendaji wa kijiji akagonga mhuri.

Mzee Hezekia alikuja na fimbo yake. Nikampa shikamoo, nikamsogezea kiti. Akauliza kwani alichosema zamani hakikutosha. Nikamwambia Mzee, tunaulinda uwanja wako. Akasema kama ni kulinda, sawa, akaweka dole gumba. Kisha akanishukuru. Hilo la kunishukuru nisingependa kuliandika, ila nimeshaliandika.

Jumapili, 8 Desemba

Tumeshinda mbili moja. Wanachama wamechanga kodi ya uwanja, wengine kwa kunung'unika. Nimepata elfu kumi na tano yangu. Mzee Hezekia alitoka kanisani moja kwa moja na shati lake jeupe, akaweka kigoda chake karibu na kibendera cha kona, kama Jumapili zote. Pale anampangia kila mpigaji wa kona, na mwamuzi anaambiwa ni kipofu toka dakika ya kwanza.

Mapumziko akaja Kefa. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaanza kumweleza kwa upole kwamba klabu haina mali yoyote, haina hata nyasi. Akanikatiza. Amesema ametusamehe deni lote, maana mtoto wa dada yake ndiye beki wetu wa kushoto na amekuwa akijisikia vibaya. Na ile siku aliyosimama akiangalia, alikuwa anapima ni tripu ngapi za changarawe atuletee bure pale golini panapotuama maji.

Nikakaa chini. Kwa hiyo hapakuwa na adui. Uwanja haukuwa na shida yoyote mpaka nilipoanza kuulinda.

Jambo la haki lilikuwa kwenda kwa mtendaji kesho na kuifuta ile karatasi. Najua. Lakini kuna mechi nyingine ya nyumbani tarehe ishirini na mbili, dhidi ya Ilongero, na watu watajaa. Nitaifuta Januari.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua! Ya jana na ya leo. Kijiji kizima kimehamia mashambani, wenye maksai wanatafutwa na kila mtu. Mazoezi hakuna na hakuna anayelalamika. Nimepanda mtama kidogo. Mgongo unauma.

Jumatatu, 16 Desemba

Sijanawa hata mikono. Nitaandika hivyo hivyo.

Beki wa kushoto alinifuata mbio shambani. Akasema niende uwanjani. Nikaenda. Urbano yuko pale na maksai wanne na plau. Ameshamaliza eneo la penalti la upande wa barabara ya Kiomboi na anaelekea katikati.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ni shemeji, na shemeji husalimiwa kwanza. Akauliza habari za nyumbani. Nzuri. Watoto. Wazima. Mifugo. Mizima. Na dada yake je, kile kifua. Kimepona. Salamu zilipokwisha, duara la katikati lilikuwa limekwisha pia.

Nikamuuliza anafanya nini. Alinishangaa. Akasema mvua imenyesha, ardhi ina jina lake, na wapita njia wote wanaona nyasi tupu. Jana kanisani watu wawili wamemuuliza kama anaumwa. Akasema yeye hajawahi kuachia ardhi ilale mvua ikiwa imenyesha, na hataanza uzee huu. Nikamkumbusha kodi. Akasema alizeti inalipa zaidi, na nusu yangu ataniletea ya mafuta.

Hakuwa na hila hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma. Mkulima nimempa ardhi mwezi wa Desemba, nikategemea aiangalie.

Jumanne, 17 Desemba

Nimekwenda kwa mtendaji. Ameisoma karatasi polepole, kurasa zote mbili. Amesema amegonga mihuri mingi katika kazi yake lakini hajaona karatasi iliyofungwa vizuri kama hii. Hakuna pa kuingilia. Akaniuliza ni nani aliyeiandika.

Raymond ameinakili kwa mwandiko wake mzuri na kuibandika kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Pale kwenye "apendavyo" amepiga mstari. Wanawake wanaosubiri unga wanasomeana kwa zamu. Editha alirudi na debe la unga na hajanisemesha tangu wakati huo. Amesema neno moja tu: majuto ni mjukuu.

Vijana wa timu walitaka kwenda kuifukua alizeti. Mbegu tayari iko ardhini. Mzee Hezekia akawazuia. Akasema chakula kikishafukiwa hakifukuliwi, hata kikiwa kimefukiwa na mwizi, na Urbano si mwizi. Waliposikia neno mwizi wote waliniangalia mimi.

Jumapili, 22 Desemba

Ilongero wamefika na gari mbili, ngoma na vuvuzela. Wakakuta shamba. Msimamizi wa ligi akatembea pembeni mwa matuta, akauliza nyumbani kwetu ni wapi. Akawapa Ilongero pointi tatu za mezani na kusema tusipoonyesha uwanja kabla ya katikati ya Januari, Mwangaza inafutwa kwenye ligi. Timu ya miaka zaidi ya arobaini. Ilongero walicheza ngoma yao barabarani, wakala ule wali tuliowaandalia, wakaondoka.

Watu walipokwisha kutawanyika nikamwona Mzee Hezekia. Amekuja na kigoda chake, shati jeupe. Amekaa palepale penye kona. Mbele yake ni matuta, na alizeti imeanza kutoa majani mawili mawili. Nikampa shikamoo. Akaitikia. Akauliza mechi inaanza saa ngapi.

Nikamwambia Mzee, leo hatuchezi. Akasema anajua, amesahau kidogo, miguu imezoea Jumapili. Akaangalia matuta. Akasema Urbano amelima vizuri, amenyoosha. Akanyanyuka, nikambebea kigoda mpaka kwake. Angenitukana ningelala. Hakunitukana.

Najuta. Naandika bila utani wowote. Kwa elfu kumi na tano.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Editha amechinja jogoo. Urbano alialikwa. Nikasubiri firigisi yangu kama baba wa nyumba. Ikaenda kwenye sahani ya Urbano. Nilikula shingo.

Jumapili, 29 Desemba

Mzee Hezekia ametuita wote ng'ambo ya kijito, kwenye shamba alilokuwa anapanda uwele. Mwaka huu hajalipanda. Amesema amebaki nalo hilo tu na kipande cha nyumbani, na watoto wake wako mjini, hawatalima. Akatembea na sisi kwa fimbo, akaonyesha mpaka: minyaa ile, jiwe lile, mpaka kwenye mti wa mgunga. Akasema tuchezee hapa. Raymond akauliza kama aandike. Mzee akasema hapana, na akaniangalia. Akasema hili lisiandikwe popote, na jina la mtu yeyote lisiwekwe. Likae midomoni mwetu sote kama la kwanza lilivyokaa, maana lilikaa salama mpaka lilipoandikwa.

Nililia mbele za watu. Nikaahidi. Raymond akanipa leso yake, na nakiri ilikuwa safi. Alasiri tulikata vichaka wote pamoja, Kefa akaleta changarawe, na Urbano akaja na maksai wake kusawazisha bure. Mzee alikwisha chagua kona yake.

Alhamisi, 2 Januari

Msimamizi wa ligi amekuja na kuupitisha uwanja mpya. Tumebaki kwenye ligi. Nimemshukuru Mungu kwa dhati.

Lakini nimefikiri. Mzee ana umri. Akiondoka leo, hao watoto wa mjini watakuja na mawakili, na sisi tuna nini? Midomo. Ahadi yangu ilikuwa ya uchungu, na mtu mwenye uchungu huahidi chochote. Kosa langu la kwanza halikuwa karatasi. Lilikuwa mtu. Nilichagua mkulima.

Safari hii nimempata asiyeweza kulima kabisa: mama mkwe. Ana miaka themanini, magoti yamekwisha, jembe hajalishika tangu mume wake afariki. Nimekwenda kwake leo, nikasimama mbali kwa adabu, nikamweleza. Amekubali. Kesho asubuhi nitakuwa kwa mtendaji na karatasi mpya, kurasa tatu. Mama wa watu hana hata haja ya ardhi. Mashamba yake yote analimiwa na mwanawe Urbano.