Ukurasa Mmoja kwa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umechoka kwa asilimia ngapi. Akasema moyo si rangi ya ukuta, mzee wangu, hauna kipimo kwenye ndoo. Basi ni wiki, labda miezi. Nimeamua kuungama kabla sijafa.

Kosa ni hili. Mwaka wetu wa mwisho wa shahada ya kemia, kampuni ya rangi ilikuja chuoni kutafuta mhitimu mmoja wa kumfundisha biashara. Kila mwombaji aandike ukurasa mmoja: kwa nini mtu wa maabara aende sokoni. Mimi niliandika mistari minne, nikakwama. Binti niliyefanya naye majaribio meza moja aliandika ukurasa mzima, mzuri hata mimi nikatamani kuununua. Akashikwa na homa, akanipa niupeleke. Nikaupeleka. Kwa jina langu.

Nilianza wakala wa mauzo, nikastaafu mkurugenzi wa mauzo. Yeye alifundisha kemia sekondari miaka thelathini na saba, katika maabara yenye bureti mbili, moja ina ufa. Mpaka leo anaamini kampuni ilimkataa. Baadaye nikamwoa mdogo wake, marehemu mke wangu. Kwa hiyo ni shemeji yangu. Wote tunamwita Mwalimu. Huja kunitazama hapa nyumba ya wazee kila Jumatano na Jumapili, na huniletea machungwa aliyokwisha kuyamenya.

Jumanne, 5 Machi
Bidhaa haipelekwi sokoni bila kujaribiwa. Nimelijaribu ungamo kwa muuguzi alipokuwa akinipima presha. Faida kwanza, kasoro baadaye. Nilianzia pale mauzo yalipopanda mara tatu chini ya uongozi wangu.

Akasema pole babu, lakini linasikika kama tangazo la redio. Tena presha imepanda.

Kitanda cha pili yupo karani mstaafu wa mahakama. Mtu wa kuudhi. Hukunja blanketi kama anafunga jalada. Akauliza kama naungama kwa jumla au kwa rejareja. Nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa na heshima yangu alipokuwa akipiga mihuri.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia. Hakuna faida niliyotanguliza.

Mwalimu aliacha chungwa mkononi. Akauliza, kwa hiyo ukurasa wangu hawakuusoma? Nikasema waliusoma, tena waliupenda sana. Nilidhani hilo litamfariji.

Aliliweka chungwa chini. Halafu akasema kila mwaka walikuja wanafunzi wake, wazuri wa sayansi, kumuuliza kama wajaribu biashara. Kila mwaka aliwakataza. Aliwaambia yeye alipimwa huko akaonekana hafai, na hakutaka wao waaibike. Miaka thelathini na saba, shemeji, akasema. Watoto wa watu.

Sikuwa nimewahesabu hao.

Akafuta mikono. Akasema niandike. Ukurasa mmoja, maneno yangu mwenyewe, hakuna la kuazima. Atausoma Jumapili, ndipo atajua kama anaweza kunisamehe. Aliondoka bila kuniaga. Hajawahi kufanya hivyo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeandika mara tano. Ya kwanza ina neno "ubora". Ya pili ina mchoro. Ya tano inamshukuru kwa uvumilivu wake kama mteja. Nimezichana zote.

Nimekuwa mtu wa kuuza tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Sijui tena sentensi isiyotaka kitu kwa anayeisikia. Hili limenitisha kuliko moyo.

Ijumaa, 8 Machi
Karani aliniona nachana karatasi. Kwa mara ya kwanza hakunidhihaki. Akatoa barua kwenye droo. Alimwandikia kaka yake mkubwa, ambaye yeye Karani aliwahi kumficha barua ya kuitwa kazini ili asiondoke nyumbani. Kaka alifariki kabla haijamfikia. Akatusomea, mimi na muuguzi, akiwa amevaa miwani iliyofungwa uzi. Kuna mahali inasema: "Sikukuficha barua tu, kaka. Nilikufanya uamini kwamba hakuna aliyekutaka."

Muuguzi alitoka akifuta macho, akasahau kunipima presha. Mimi pia nililia. Kisha nikaona, bila kutaka, kwamba barua ile inakaa ukurasa mmoja.

Jumamosi, 9 Machi
Karani amepelekwa kuoga. Dakika ishirini. Nimenakili kwa mwandiko wangu. Nimebadilisha maneno manne tu. "Kaka" imekuwa "shemeji", "barua" imekuwa "ukurasa". Barua nimeirudisha droo ileile, upande uleule.

Kila neno lililomo ni kweli kwangu. Hata kama ningeliandika mwenyewe lisingekuwa kweli zaidi. Nimejiambia hivyo mara kadhaa.

Jumapili, 10 Machi
Mwalimu alisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea. Hakuweka alama. Alipofika pale pa "hakuna aliyekutaka", alivua miwani. Karani alikuwa amelala, namshukuru Mungu.

Akasema hakujua nina moyo wa namna hii. Akasema amenisamehe. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama karatasi ya kuchujia. Kwa muda fulani nilikuwa mtu aliyeandika barua ile.

Halafu akaikunja, akaitia mkobani. Akasema ataisoma siku ya mazishi yangu, mbele ya wote, watu wajue nimekufa mkweli. Nikasema asijisumbue. Akasema si usumbufu, shemeji, ni haki yako.

Wazee wa hapa hupelekwa mazikoni kwa basi. Karani huwa anakaa mbele, asikie kila neno.

Jumatatu, 11 Machi
Nilifikiria kumweleza Karani. Nilifikiria kumweleza Mwalimu. Moyo wangu hauruhusiwi mshtuko. Daktari mwenyewe kasema.

Njia nyingine ni wosia mfupi: mazishini kwangu kusisomwe karatasi yoyote. Nimejaribu kuuandika tangu chai. Nimefika mstari wa nne. Unaahidi huduma bora.

Nimemwomba Karani. Ameumaliza kwa robo saa, hakuuliza sababu, akasema ni heshima kwake kunisaidia. Una utulivu, una uzito, anayeusoma atadhani aliyeuandika hana la kuficha.

Nimeweka sahihi yangu chini.