Shangazi Niliyemtunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri kaniita ofisini. Nikajua ni pongezi. Nikanyoosha kola. Hazikuwa pongezi.

Kasema safu yangu ya uhakiki wa gemu ina wiki nane kwenye tovuti ya gazeti, na hadi leo haijapata hata neno moja la msomaji. Nikamkumbusha kwamba kuna mama mmoja aliandika. Kasema yule mama aliuliza namna ya kutoa doa la mafuta kwenye shati. Alikuwa anatafuta safu ya mapishi, akapotea.

Nimepewa wiki mbili. Wasomaji wasipojitokeza, nafasi yangu anapewa Mama Mapishi, ambaye meza yake imepakana na yangu na ambaye ana barua nyingi mpaka anazitumia kukazia dirisha lisipigwe na upepo. Kazi yangu ya siku zote, ya kupokea matangazo madogo ya vyumba vya kupanga na funguo zilizopotea, nitabaki nayo. Hiyo haina anayeigombea.

Niseme kweli, maana humu hasomi mtu. Safu yenyewe si kitu. Kinachoniuma ni kwamba nimepayuka wiki nane na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuniambia kwamba nadanganya. Tangu dada yangu aolewe na kuhama, ninayeongea naye nyumbani ni jokofu. Nataka mtu mmoja tu anijibu. Mmoja!

Jumanne, 4 Machi

Uhakiki wa wiki hii: Wachukuzi Wawili. Wachezaji wawili wanashusha kabati la nguo kutoka ghorofa ya nne. Nimecheza peke yangu, pedi moja ya kuchezea mikononi, nyingine sakafuni chini ya vidole vya miguu. Jumapili nzima iliishia hapo. Kabati halikupita hata kona ya kwanza. Mchukuzi wa miguuni ni mzembe na hasikii. Nilimfokea mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimetoa nyota moja. Nimeandika kwamba gemu ina kasoro za kiufundi.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Tangu asubuhi nimefungua ukurasa mara kumi na tisa. Mama Mapishi kaniuliza kama nasubiri habari za mgonjwa.

Nimepata wazo. Wasomaji ni kama wageni kwenye meza ya chakula, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Anatakiwa mmoja wa kufungua njia. Basi nimemtunga. Mwalimu mstaafu, miaka sitini na minne, mjane, mkali, anacheza gemu tangu magoti yalipomkataza kutembea. Jina lake la ukurasani: Shangazi wa Ghorofa ya Tatu. Nilitaka anisifu, lakini sifa za kujipa mtu zinanuka. Nikamruhusu anikosoe kidogo.

Kaandika hivi: "Mwandishi, gemu haina kasoro. Mwenye kasoro ni wewe. Kitu cha watu wawili umekibeba peke yako, halafu unalaumu kabati."

Nilikaa muda nikiyatazama maneno hayo. Sikujua kwamba naweza kujiumiza kiasi hicho. Nikayatuma.

Ijumaa, 7 Machi

Amejibu mtu! Mtu wa kweli kabisa, mwenye mambo yake ambayo mimi nisingeweza kuyatunga. Anajiita Fundi Saa.

Hakunijibu mimi. Kamjibu Shangazi. Kasema amecheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Kaeleza kwamba yeye ni fundi wa saa za mkono, mkewe alifariki mwaka juzi, wateja wameadimika kwa sababu kila mtu anaangalia saa kwenye simu, na gemu ndiyo inayomsogezea mchana. Kamuuliza Shangazi siku hizi anacheza nini.

Nikajibu kwa jina langu, kwa adabu zote, kwamba karibu sana mzee, mimi ndiye mwandishi. Hakuna jibu. Shangazi akajibu kwamba anacheza ile gemu ya shamba, na kwamba ng'ombe wake wana akili kuliko wanafunzi aliowafundisha. Dakika mbili tu, kaletewa mistari kumi na minne.

Nimekufa kwa kijicho. Tena kijicho kwa mtu ambaye namlisha maneno mimi mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Maoni arobaini na moja! Kumi na tisa ni ya Shangazi, lakini mengine ni ya watu.

Wiki hii ilikuwa gemu ya kutisha. Umefungiwa kwenye nyumba isiyo na mlango, na zimwi linakufuata chumba kwa chumba. Nimetoa nyota nne. Nimeandika kwamba zimwi si baya kama linavyosemwa, maana angalau linakutafuta. Shangazi kapinga. Kasema zimwi nalo limefungiwa, linakufuata likidhani wewe ndiye unayejua njia ya kutokea, na mwandishi angeliona hilo kama angeacha kujihurumia. Sijui kayatoa wapi. Ni mazuri kuliko uhakiki wangu mzima.

Fundi Saa kasema Shangazi ana jicho. Kauliza kwa nini gazeti limempa nafasi "yule bwana" wakati mwenye akili yuko pale chini anaandika bure. Yule bwana ni mimi.

Mhariri naye kasoma. Kaniita. Nikanyoosha kola. Anataka Shangazi ndiye aandike safu. Kaniomba nimtafutie anwani yake, kwa kuwa mimi ndiye mzoefu wa vitu vilivyopotea.

Jumatano, 12 Machi

Maji yamenifika shingoni. Nimeamua kumshinda Shangazi kwa haki. Nimeandika uhakiki wa gemu ya mbio za magari kwa moyo wangu wote. Mistari themanini. Nikamkataza Shangazi asitie neno. Kutwa nzima hakuna aliyeandika, isipokuwa Fundi Saa, aliyeuliza Shangazi yuko wapi na kama ni mzima.

Mama Mapishi kanikaribisha tule pamoja chakula cha mchana. Kasema kaleta kingi. Anadhani sijui anapeleleza. Nikasema nina kazi, nikaenda kula peke yangu kwenye ngazi.

Niliporudi nikakuta Fundi Saa kamwandikia Shangazi pembeni, kwenye ujumbe wa wawili. Ana pedi mbili na mchezaji mmoja. Je, Shangazi angeweza kufika dukani kwake Jumamosi saa tisa mchana, walishushe lile kabati? Kasema atamwekea kiti chenye mto kwa ajili ya magoti.

Shangazi kakubali. Hakuniomba ruhusa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda mimi. Nia ilikuwa kukiri. Njiani nilirudia maneno mara sita: mzee, nisamehe, Shangazi ni mimi. Maneno matano tu na chembe ya aibu.

Duka lake ni chumba chembamba, saa ukutani, kila moja na wakati wake. Kavaa shati lililopigwa pasi. Viti viwili mbele ya runinga, kimoja na mto. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia huku akitazama nyuma yangu, mlangoni. Nikafungua kinywa nikiri. Nikajisikia nikisema kwamba Shangazi ameshikwa na homa, mimi ni jirani yake, amenituma nimwombee radhi.

Uso ukamshuka. Kisha akasema, basi kaa, mwanangu, usisimame kama umeleta hati ya mahakama. Mto hakuuondoa. Nikaukalia.

Tukacheza Wachukuzi Wawili. Ana mikono ya fundi, haina papara. Kazi yake ilikuwa kuniambia tu: subiri. Inua. Taratibu mwanangu, ukuta huo. Kabati likapita kona ya kwanza. Likapita ya pili. Katika ghorofa ya kwanza tukalipigiza kwenye mlango wa watu, tukacheka mpaka mteja mmoja akachungulia na kuondoka zake. Tukalifikisha chini zima. Fundi akanipa mkono kana kwamba tumelibeba kweli, na mgongo wangu nao ulikuwa unaniuma kweli.

Wakati wa kuagana kasema nije tena Jumamosi ijayo. Shangazi akipona, sawa. Asipopona, sawa vilevile.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ndefu. Nina furaha. Nimeandika nyota tano na sijui nizibandike wapi.

Jumapili, 16 Machi

Sijatulia. "Sawa vilevile." Ni kweli ile au ni adabu? Wazee wana adabu. Mtu anaweza kukukaribisha huku anaomba usije. Nimelifikiria toka chai ya asubuhi mpaka nimepoteza hamu ya kula. Mwenye kujua ni Fundi peke yake, na hawezi kuniambia mimi usoni. Ila kuna mtu ambaye Fundi anaweza kumwambia.

Saa nane mchana Shangazi kamwandikia. Kasema homa inapungua. Kauliza kama yule jirani yake alimsumbua, na amwambie ukweli bila kuficha, jirani hatauona.

Najua. Lakini ni swali moja tu.

Jumanne, 18 Machi

Jibu limekuja. Fundi kasema jirani ni mtu mwema. Kasema ni msikivu, na kwamba yeye hajacheka vile tangu amzike mkewe. Nimeisoma sehemu hiyo mara sita, mara ya mwisho kwa sauti. Ningeishia hapo.

Kulikuwa na sehemu ya pili. Nainakili kama ilivyo: "Ila Shangazi, huyo kijana alikutaja kila baada ya dakika mbili. Shangazi husema hivi, Shangazi hapendi vile. Mtu hamtaji jirani wa kawaida namna hiyo. Nadhani anakupenda na hajui aanzie wapi. Mimi ni mtu mzima, sitaki kukaa katikati ya watu. Mwambie Jumamosi asije kwangu, abaki akuuguze. Nami nitaacha kukuandikia. Mungu akuponye."

Na ameacha. Leo kutwa jina lake halijaonekana kwenye ukurasa.

Nimelia, na sioni sababu ya kuficha, daftari ni langu. Nilikuwa na rafiki mmoja, saa mbili za Jumamosi moja, na nimempoteza kwa kupendana na mwanamke ambaye hayupo.

Mhariri kauliza tena anwani ya Shangazi. Nikasema amehama. Basi safu kapewa Mama Mapishi. Alikuja mezani kwangu akasema yeye gemu hazijui hata moja, je, ningeweza kukaa naye baada ya kazi, tucheze wote ili apate cha kuandika? Ameshinda, na bado anataka kunicheka kwa karibu. Nimemwambia nitalifikiria.

Jumatano, 19 Machi

Dawa ni moja na ni ya dakika tano. Kwenda dukani, kuamkia, kusema yale maneno matano. Nimevaa viatu baada ya kazi. Nimefika hadi kwenye kona ya mtaa wake. Niliona mlango uko wazi na taa imewashwa. Nikasimama pale mpaka muuza karanga akaniuliza kama nimepotea.

Nimerudi nyumbani nikakaa na kujihoji kwa ukali, kama mtu mzima. Nimekosea wapi? Na nimejifunza. Kosa lilikuwa kumwachia Shangazi kazi yote peke yake. Mwanamke mmoja, mgonjwa, angewezaje?

Kwa hiyo tangu saa mbili usiku ana kaka. Kamwandikia Fundi Saa ujumbe mzuri, wa kiungwana, kwamba dada yake hana mchumba, yule jirani hampendi mtu yeyote, na Jumamosi anaweza kuja kucheza bila wasiwasi. Ni mtu mpole huyu kaka, mcheshi, nimempenda mwenyewe. Nimemfanya mjane pia, na mpenzi wa gemu, na anajua saa za zamani kuliko mtu yeyote. Jumamosi zake zote ana nafasi.

Fundi atampenda sana.