Mhandisi wa Madaraja Atoke Dukani Kwangu

Kwa Mkuu wa Maktaba,
Kutoka kwa Fundi Mkuu, duka la ushonaji linalotazamana na lango lenu la nyuma.

KUHUSU: KUONDOLEWA KWA VITABU VYA SAUTI VYA MAPENZI, HASA KILE CHENYE MHANDISI

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako wote, akiwemo yule dada wa mapokezi ambaye ndiye chanzo cha haya nitakayoyaeleza. Mimi si mgomvi. Nimeshona nguo miaka thelathini na moja na sijawahi kumwandikia mtu malalamiko, hata yule aliyeniuzia vifungo vilivyoyeyuka kwa pasi. Lakini sasa maji yamezidi unga.

Kwanza ujue tulivyo. Dukani tuko watatu. Mimi nakata na kushona. Mke wangu anatia vifungo, matundu yake na mapindo, yote kwa mkono, na kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa yetu sijaona tundu lake likipishana na kifungo. Wa tatu ni Babu Pasi, mzee anayepiga pasi na kutoa maoni.

Mwaka jana macho ya mke wangu yalianza kufifia. Daktari alisema atabaki na mwanga wa kutosha kujua mlango uko wapi, ila maandishi ayaage. Vifungo anavitia kwa kupapasa na bado hakosei. Kilichomuuma ni kusoma, maana huyu alikuwa anasoma hata gazeti lililofungiwa misumari. Ndipo dada wa mapokezi akamwazima kikasha cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, akamwambia, "Mama, humu kuna kitabu kizima. Wewe bonyeza hapa, kaa usikilize."

Nilidhani ni kitabu cha kilimo.

Sasa malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Mishono. Kitabu kinahusu Mhandisi aliyetumwa kujenga daraja, na Mwalimu wa jiografia anayeishi ng'ambo ya mto. Msomaji wenu wa kikashani ana tabia ya kushusha sauti kila Mhandisi anapomsogelea Mwalimu. Cherehani yangu ina kelele, kwa hiyo tusiposimama hatusikii kitu. Na fundi aliyefunzwa vizuri akisimama katikati ya mshono hurudi nyuma mishono mitatu ili uzi usiachie. Suruali ya mlinzi wa shule niliishona tukiwa sura ya tisa. Ukipitisha kidole kwenye mguu wa kushoto utahesabu vinundu kumi na vinne. Kila penye kinundu, ujue hapo Mhandisi alisogea. Mlinzi amelalamika kwamba inamkwaruza akikaa, na mimi siwezi kumweleza mtu mzima mwenye rungu kinachomkwaruza ni nini.

2. Mabega. Karani wa mahakama aliagiza koti. Ni mtu mwembamba, mpole, mabega yake ni sentimita arobaini na mbili, nilimpima mwenyewe. Siku ya kukata, msomaji alikuwa anaeleza mabega ya Mhandisi, mapana, yaliyozoea kubeba vyuma, na aliyaeleza kwa dakika saba. Nilipoinua mkasi nikakuta nimekata hamsini na moja. Mimi! Mtu ambaye mtaa mzima unamwita Sentimita! Karani alipokuja kujaribu nilimwomba radhi na kuahidi kukata upya. Akajigeuza mbele ya kioo, akavuta pumzi, akasema, "Fundi, usiliguse hata kidogo." Akaondoka nalo akitembea katikati ya barabara. Wiki hii wamekuja wenzake wawili kutoka ofisi ileile, nao wembamba, wanataka kama la karani. Ndugu Mkuu, haki itatendekaje katika mahakama ya namna hiyo?

3. Ukweli wa kitaalamu. Sisikilizi kwa makusudi, ila masikio hayana vifuniko. Sura ya nne tunaambiwa koti la Mhandisi lina vifungo vitatu. Sura ya kumi na mbili anafungua cha nne. Kimetoka wapi? Nilirudisha nyuma mara mbili kuhakikisha. Tena sura ya kumi na tano Mwalimu anateguka kifundo cha mguu, Mhandisi anachana koti la sufu kwa mikono mitupu ili amfunge. Sufu nzito haichaniki hivyo, hata uivute mshazari, na kama ingechanika, bitana ingemwaibisha mbele za watu. Mtu anayedanganya katika bitana, atasema kweli katika mapenzi?

4. Babu Pasi. Huyu mzee amefiwa na wake wawili na alikuwa ametulia. Sasa anabishana na kikasha. Mhandisi alipoandika barua ya kumwambia Mwalimu yaliyomo moyoni, kisha akaiweka mfukoni badala ya kuipeleka, Babu Pasi alipiga kelele, "Peleka, wewe! Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!" na pasi ikabaki juu ya shati la mteja mpaka likatoa moshi. Shati lina alama ya pasi mgongoni. Alipoulizwa alisema wa kulaumiwa ni Mhandisi.

Nikiwa hapohapo kwenye namba nne, kuna mama mmoja amekwishaleta leso ileile mara tatu akunjiwe pindo. Akifika kwake anafumua, kesho yake saa nne asubuhi anarudi, saa tunayoanza sura. Wengine hawaleti hata leso. Wanajipanga kwenye benchi la wateja, wakimkodolea macho mtu yeyote anayekohoa.

5. Hili ni zito, nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Mke wangu anacheka. Tangu macho yaanze kumtupa alikuwa hacheki, na mimi nilikuwa nimezoea ukimya wake kama unavyozoea saa iliyosimama ukutani. Sasa anacheka peke yake akitia vifungo, na anayemchekesha si mimi. Siku moja alizima kikasha akaniuliza, bila ugomvi wowote, "Hivi wewe ungekuwa Mhandisi, ungeniambia nini?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa zote, nikazihesabu, nikamjibu, "Ningekuambia hilo pindo la kulia limelegea."

Halikuwa limelegea. Babu Pasi aliniangalia kama mtu anayeangalia shati lililoungua. Mke wangu akasema tu, "Haya, Baba," akawasha kikasha, na Mhandisi akaendelea pale alipoishia.

Nina uchungu, Ndugu Mkuu, nakuambia waziwazi. Huyo Mhandisi hajawahi kumtilia mke wangu dawa ya macho mara tatu kwa siku. Hajui kuwa anapenda chai iliyopoa. Katika duka lolote la ushonaji kiti cha dirishani, penye mwanga, ni cha fundi mkuu, ndiyo desturi ya kazi yetu. Mimi nilimpa yeye tangu wiki ya kwanza, nikakaa nyuma kwenye giza nikikata vitambaa vyeusi. Hata sasa ambapo mwanga haumsaidii kitu, kiti ni chake. Sikuwahi kulitangaza hilo, maana halikuhitaji kutangazwa. Kumbe mtu akija na sauti nzito na habari za nyota anasikilizwa kuliko mtu aliyetoa kiti akanyamaza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ambaye kazi yangu ni nguo nilipaswa kuwa wa kwanza kujua.

6. Ukatili. Jumamosi iliyopita tulifika sura ya ishirini na nne. Mvua inanyesha, daraja limekatika, Mhandisi yuko upande huu, Mwalimu upande ule, kila mmoja na taa. Mhandisi anafungua mdomo aseme. Kikasha kikasema, "Mwisho wa sehemu ya kwanza."

Nilikuja kwenu mwenyewe, nikiwa bado na futi shingoni. Dada wa mapokezi akasema sehemu ya pili haijarekodiwa, ipo kwenye karatasi tu, na hajui itarekodiwa lini. Aliyasema haya akitabasamu. Tangu siku hiyo mke wangu amerudi kwenye ukimya wake. Anakaa dirishani mikono mapajani. Jana alitia kifungo upande usio wake, na mimi nilikitoa kimyakimya nikakitia upya ili asijue. Huo ndio ushahidi wangu mkubwa: mlimpa mtu kitu, kisha mkamwacha mtoni.

Kwa sababu hizo nadai yafuatayo. Vitabu vyote vya sauti vya mapenzi vibandikwe onyo kwamba visisikilizwe karibu na mkasi, pasi wala mume. Wahandisi, madaktari na marubani wa vitabuni wapimwe mabega na fundi anayetambulika kabla ya kuruhusiwa kupenda. Wanaopendana waoane sura ya kwanza, na kurasa zinazobaki zitumike kueleza namna ya kutunza cherehani. Msomaji wenu aje dukani aone alichokifanya, tena aje na sauti yake ya kawaida. Na ikiwa haya yote hayawezekani, basi futeni vitabu hivyo kabisa, kila kikasha kirudi kitupu, na jina la nyumba yangu liondolewe kwenye daftari lenu la waazimaji. Kikasha chetu nitakirudisha Ijumaa, na sitaazima kingine maishani mwangu.

Nisalimie walio chini yako wote, wa rafu za juu na wa rafu za chini, na bawabu wenu, umwambie kaptula yake iko tayari. Babu Pasi naye anakusalimu, ingawa haafiki barua hii. Mke wangu angekusalimu kama angejua naiandika.

Wako katika kudai haki,
Fundi Mkuu (Sentimita)

Tanbihi. Barua hii imekaa nami tangu Jumatatu, na leo ni Alhamisi. Ni makosa kutukana wakunga na uzazi ungalipo.

Jumanne nilichukua kwenu ile sehemu ya pili ya karatasi. Nilimwambia dada wa mapokezi ni kwa ajili ya ushahidi. Jioni tulipofunga duka nilivaa miwani, nikamwambia mke wangu akae palepale dirishani, nikaanza kumsomea. Mwanzoni nilisoma kama ninavyosoma vipimo. Akaniambia, "Polepole, Baba, hukimbizwi." Babu Pasi alisema anakwenda nyumbani, ila hakwenda, alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Jana tulifika pale Mwalimu anapomuuliza Mhandisi kwa nini amerudi. Kitabuni anajibu kwa ukurasa mzima, mito na nyota. Nilifika mwisho wa ukurasa, macho yakaishiwa na maneno, mdomo ukaendelea. Nikasema: "Nimekuachia kiti cha dirishani miaka ishirini na tisa. Nilidhani umenisikia."

Mke wangu akanigeuzia uso. Kisha akauliza, "Si wamejuana msimu mmoja tu wa mvua?"

Nikamwambia huenda ni kosa la mpiga chapa.

Akapapasa mpaka akapata mkono wa shati langu, akaushika. Akasema, "Soma tena hapo."

Kwa hiyo naomba yote niliyodai hapo juu usiyatie maanani. Jina letu libaki daftarini, kikasha tuongezewe wiki mbili, na kama kuna kingine chenye rubani, Babu Pasi anakiulizia. Sehemu ya pili msiharakishe kuirekodi. Siku mtakapoirekodi, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, chini kabisa, kuna sentensi mbili zimesahaulika. Nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Msomaji azisome polepole, hakimbizwi.